Barua ya wazi: Tujue Watanzania wanakufa kwa nini

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Afya, Waziri wa Katiba na Sheria, na Waziri wa Nchi mwenye dhamana ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kwa Kabidhi Wasii Mkuu, msimamizi wa usajili wa vizazi na vifo. Na kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali.

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi watano kwa pamoja kwa sababu jambo ninalolileta limegawanyika katika ofisi zenu zote, na kila ofisi ikilitazama peke yake huliona ni dogo. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, Watanzania zaidi ya laki tatu hufariki dunia kila mwaka. Wengi wao huzikwa bila majina yao kuingia katika daftari lolote la Serikali, na hata miongoni mwa wanaosajiliwa wamo wengi ambao chanzo cha kifo chao hakikuandikwa, au kimeandikwa kwa maneno ambayo hayamsaidii mtu yeyote kujua ni ugonjwa gani uliowaondoa. Ninaomba kwamba kila kifo kinachotokea Tanzania Bara, na hasa kile kinachotokea nyumbani, kiandikwe pamoja na chanzo chake, na kwamba hesabu hiyo ichapishwe kila mwaka, wilaya kwa wilaya, ili kila mwananchi aweze kuisoma.

Kazi yangu hadi nilipostaafu ilikuwa kutunza kumbukumbu za afya katika hospitali moja ya wilaya. Madaftari ya vifo ya wodi yalipita mikononi mwangu kila mwezi, na ninayoyasema hapa juu ya namna yanavyojazwa nimeyaona kwa macho yangu.

Haki inataka nianze na mafanikio, kwa kuwa ni makubwa na ni ya kweli. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 1999 ulionesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikuwa wakifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika Tafiti za Demografia na Afya zilizofuata, mwaka 2004-05 idadi hiyo ilikuwa 112, mwaka 2010 ikawa 81, mwaka 2015-16 ikawa 67, na mwaka 2022 ikashuka hadi 43. Wastani wa umri wa kuishi, ambao katika sensa ya mwaka 2002 ulikuwa miaka 51, ulivuka miaka 60 katika sensa iliyofuata. Nyuma ya mabadiliko haya wapo akina mama waliobeba watoto wao hadi kliniki, vyandarua vyenye dawa, dawa mseto za malaria, chanjo za nimonia na kuhara zilizoongezwa kuanzia mwaka 2013, na dawa za kufubaza VVU ambazo tangu mwaka 2004 zimetolewa bila malipo katika nchi ambayo wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI walionekana Kagera mwaka 1983. Hakuna mtu aliyekaa wodini miaka ya tisini anayeweza kuyadharau haya.

Hata hivyo naomba tutazame namna tulivyozipata takwimu hizo. Tumezipata kwa kuuliza. Kila baada ya miaka mitano au zaidi, wadadisi hupita katika kaya zilizochaguliwa na kumwomba kila mwanamke awataje watoto wote aliowazaa, walio hai na waliofariki. Kisha humuuliza kuhusu dada zake waliozaliwa na mama mmoja naye, ni nani yuko hai, ni nani amefariki, na kama aliyefariki alikuwa mjamzito, alikuwa akijifungua au alikuwa ametoka kujifungua. Ni njia nzuri kwa nchi isiyokuwa na daftari la vifo. Inatueleza ni wangapi wanaokufa, lakini haitupi chanzo kwa kila mmoja, haishuki hadi ngazi ya wilaya, na inapohusu vifo vya akina mama hesabu yenyewe husimama juu ya vifo vichache vilivyotajwa katika sampuli. Ndiyo maana idadi ya akina mama wanaofariki kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000 ilisomeka 578 mwaka 2004-05, ikashuka hadi 454 mwaka 2010, ikapanda tena hadi 556 mwaka 2015-16, kisha ikatua 104 mwaka 2022.

Hii ya 104 tumeisherehekea, nami nimefurahi pamoja na wengine, kwa sababu wanawake wengi zaidi sasa wanajifungulia katika vituo, upasuaji wa dharura umesogezwa hadi vituo vya afya, na mfumo wa M-mama wa kumsafirisha mjamzito na mtoto mchanga wakati wa dharura umeenea nchini. Lakini mashirika ya Umoja wa Mataifa, yakitumia hesabu zao, yaliikadiria Tanzania kuwa na vifo 238 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa mwaka 2020. Katika nchi inayozaa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, tofauti ya takwimu hizi mbili ni zaidi ya akina mama 2,500 kila mwaka. Wao si watu wa kukadiriwa. Kila mmoja alikuwa na jina, kijiji, na watoto aliowaacha; na kama kila kifo cha mwanamke mwenye umri wa kuzaa kingeandikwa na kufuatiliwa, Waziri wa Afya asingelazimika kuchagua kati ya makadirio mawili anaposimama bungeni. Angesema walikuwa wangapi, wilaya zipi zimepoteza wengi, na wangapi wameondolewa na kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, kifafa cha mimba au maambukizi.

Malaria nayo inatoa mfano wa aina hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu 608,000 walikufa kwa malaria duniani kote, na kwamba asilimia 4.4 ya vifo hivyo vilitokea Tanzania, jambo linaloiweka nchi yetu miongoni mwa nchi nne zenye vifo vingi zaidi vya ugonjwa huo. Hiyo ni sawa na watu zaidi ya 26,000. Vifo vya malaria vinavyohesabiwa katika vituo vyetu na kuingizwa kwenye MTUHA, mfumo wa Serikali wa taarifa za huduma za afya, havifiki hata sehemu ya tano ya idadi hiyo. Ama makadirio yamezidi, ama watoto wetu wanafia nyumbani na njiani bila kuhesabiwa, ama yote mawili yanatokea kwa viwango tofauti katika mikoa tofauti. Kagera si Arusha, wala Mtwara si Njombe, na mkuu wa idara ya afya katika halmashauri hawezi kupanga kazi yake kwa makadirio ya taifa zima.

Ajali za barabarani ni hivyo hivyo. Kwa mwaka 2016 vifo vilivyoripotiwa rasmi nchini vilikuwa 3,256, ilhali Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba vimefika zaidi ya 16,000. Sehemu ya pengo hilo inaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi hospitalini: kijana wa bodaboda hufikishwa wodini akiwa hai, hulazwa siku kumi, huhamishiwa hospitali ya rufaa, huko hufariki, na anapofariki trafiki aliyeandika taarifa ya ajali hana habari tena. Daftari la polisi linamhesabu kuwa majeruhi. Daftari la wodi linaandika jeraha la kichwa. Hakuna mahali ambapo mistari hii miwili inakutana.

Sasa niingie ndani ya hospitali, mahali ambapo tungetarajia hesabu iwe kamili. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, walikusanya kumbukumbu za vifo kutoka hospitali 39 nchini kwa kipindi cha mwaka 2006 hadi 2015. Walipata vifo 247,976, na nusu ya marehemu hao hawakuwa wamevuka miaka 30. Malaria iliongoza kwa karibu asilimia 13, yakafuata magonjwa ya mfumo wa hewa kwa asilimia 10, UKIMWI kwa asilimia 8, upungufu wa damu kwa karibu asilimia 8, na magonjwa ya moyo na mishipa ya damu kwa zaidi ya asilimia 6. Kazi hii ni ya thamani kubwa, na kila afisa mipango angepaswa kuisoma. Lakini ilibidi watafiti wasafiri hospitali hadi hospitali kupekua madaftari ya karatasi ili kuyafahamu mambo ambayo yangepaswa kuwa mezani kwa Mtakwimu Mkuu kila mwisho wa mwaka.

Naomba mtulie kidogo kwenye hilo la upungufu wa damu. Mtu hafi kwa upungufu wa damu tu. Upo ugonjwa uliomaliza damu hiyo. Kwa mtoto wa miaka miwili huenda ni malaria kali, huenda ni sikoseli, ambayo hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo nchini kila mwaka, huenda ni minyoo na lishe duni vikisaidiana. Kwa mwanamke wa miaka 25 huenda ni mimba iliyotoka au kujifungua kulikokwenda vibaya. Kwa mzee huenda ni saratani ya tumbo ambayo hakuna aliyeitambua. Daktari akiandika neno moja, wote hawa huwekwa kapu moja, na nchi inabaki haijui kama inunue chandarua, ipime watoto wachanga sikoseli au iongeze damu salama katika vyumba vya kujifungulia. Hali ni mbaya zaidi pale panapoandikwa kwamba marehemu alifariki kwa moyo kusimama au kushindwa kupumua. Kila anayekufa moyo wake husimama. Nimeyaona maneno hayo ukurasa baada ya ukurasa, na siwalaumu madaktari waliokuwa zamu peke yao usiku wakiwa na wagonjwa 60, kwa sababu wengi wao hawakuwahi kufundishwa kwa makini namna ya kuandika cheti cha chanzo cha kifo, wala hakuna aliyewahi kuwarudishia cheti na kuwauliza kilichoufanya moyo huo usimame.

Na bado tuko hospitalini. Nje ya hospitali, ambako wengi hufia, karibu hakuna kinachoandikwa.

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, yenye asili yake katika amri ya mwaka 1920, inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Kijijini, mtu anapofariki, mwenyekiti wa kitongoji anajua kabla jua halijazama. Majirani wanakuja, kaburi linachimbwa, na chini ya mwembe pamewekwa meza yenye daftari la rambirambi ambalo mchango wa kila mtu huandikwa kwa jina na kwa shilingi, likatunzwa miaka na miaka. Jamii yetu haina uzembe wa kuandika. Inaandika kile inachoona kina maana na ambacho mtu atakuja kukiulizia. Cheti cha kifo huulizwa pale tu penye mirathi, akaunti ya benki, mafao au kiwanja chenye hati. Kwa hiyo wanaosajiliwa zaidi ni wanaume, wenye ajira, wenye mali, wa mijini. Kichanga aliyeishi siku tatu, bibi aliyekuwa akilima shamba la ukoo, msichana aliyefia kwa mkunga wa jadi, kijana aliyetoka machimboni akiwa na kikohozi cha miaka miwili, hawa hawana urithi unaohitaji cheti, na familia zao hazioni sababu ya kupanda gari hadi makao makuu ya wilaya, kulipa nauli na ada, kisha kuambiwa warudi Jumanne. Lakini ni wao hasa ambao Serikali inahitaji kujua walikufa kwa nini.

Vichanga wanastahili maneno ya ziada. Tazameni tena zile takwimu za tafiti: kati ya mwaka 2015-16 na 2022 vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43, lakini vifo vya watoto walio ndani ya siku 28 za kwanza vilitoka 25 hadi 24 tu. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya watoto tunaowapoteza kabla ya miaka mitano sasa tunawapoteza katika mwezi wa kwanza wa maisha, kwa kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na maambukizi. Vyandarua na chanjo, vilivyotufikisha hapa, haviwezi kutuvusha zaidi ya hapa kwa watoto hawa. Tunajua pia kwamba inawezekana kuwaokoa. Katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, wakunga walifundishwa kwa mazoezi ya mara kwa mara kumsaidia mtoto asiyelia kuvuta pumzi, kila kifo kikahesabiwa na kujadiliwa, na vifo vya watoto katika siku ya kwanza ya maisha vikapungua kwa kiasi cha asilimia 40. Katika wilaya ambazo kichanga huzikwa uani bila mtu yeyote kuandika kwamba aliwahi kuzaliwa, hakuna atakayejua kama mafunzo kama hayo yanahitajika au yamefaa.

Wapo watakaosema kwamba kujua chanzo cha vifo vya nyumbani ni anasa ya nchi tajiri. Hilo halina ukweli, na ushahidi uko hapa kwetu. Tangu mwaka 1992, Wizara ya Afya iliendesha mradi wa kufuatilia vifo katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Wasaidizi wanaoaminika katika jamii waliarifu kila kifo, na baada ya msiba kupoa, mtumishi aliyefunzwa aliwatembelea wafiwa na kuwauliza dalili alizokuwa nazo marehemu: homa ilidumu siku ngapi, alikohoa, alivimba miguu, alidondoka ghafla akapooza upande mmoja, alipata degedege, alikuwa na mimba, alipelekwa wapi. Madaktari walisoma majibu hayo na kukubaliana juu ya chanzo kinachoelekea zaidi. Kwa njia hiyo nyepesi, ndipo ilipobainika kwamba kiharusi kilikuwa kikiua watu wazima wa umri wa kazi katika maeneo hayo kwa kiwango kilichozidi kile cha Uingereza, wakati ambapo karibu kila mtu aliamini kuwa hayo ni maradhi ya Wazungu na ya wazee. Miaka kadhaa baadaye, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ukathibitisha hatari hiyo: mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja kati ya kumi na mmoja alikuwa na kisukari.

Mfano wa pili ni wa Rufiji na Morogoro Vijijini. Mwishoni mwa miaka ya tisini, timu za afya za wilaya hizo mbili zilipewa takwimu za vifo vya watu wao wenyewe, zikaambiwa zipange bajeti kwa kuzitazama. Takwimu za Morogoro zilionesha kwamba malaria ilibeba kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya maisha inayopotea, ilhali mwaka 1996 ilikuwa imetengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Timu hizo zikahamisha fedha. Vyandarua vikasambazwa, wahudumu wa zahanati wakafundishwa kumpima mtoto mgonjwa kwa ukamilifu badala ya kutibu homa peke yake, na nyongeza ya fedha waliyopewa haikuzidi dola 2 kwa mkazi kwa mwaka. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Dunia nzima ya afya ya jamii inaufahamu mfano huo. Sisi tuliouzaa hatukuueneza. Baadaye Taasisi ya Afya Ifakara ikaendesha usajili wa sampuli katika wilaya nyingi zaidi nchini, nao ukafuata mkondo wa miradi mingine: mfadhili alipoondoka, hesabu ikasimama. Nasema kwa uchungu kwamba nchi hii imekwisha kuonesha mara tatu kwamba kazi hii inawezekana, na mara zote tatu tumeiacha iondoke na mfadhili wake.

Kuna sababu nyingine inayolifanya jambo hili lisisubiri. Mwaka 2022 homa ya mgunda iliyojitokeza Ruangwa, mkoani Lindi, iliwapata watu 20 na kuua watatu. Mwezi Machi 2023, katika wilaya ya Bukoba, watu walianza kufa kwa homa na kutokwa damu kabla haijatambuliwa kwamba ni virusi vya Marburg, na hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha watu sita walikuwa wamefariki, akiwemo mhudumu wa afya. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marburg ikarudi Kagera, safari hii Biharamulo. Mahali ambapo kila kifo huarifiwa ndani ya siku moja, vifo vitatu vya kufanana katika kitongoji kimoja huwa ni kengele. Mahali ambapo vifo haviandikwi, kengele hiyo hulia pale tu muuguzi anapougua.

Na tuliyoyapitia wakati wa Uviko-19 hayajasahaulika. Mwezi Mei 2020 hesabu ya taifa ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na ikapita zaidi ya mwaka mmoja bila takwimu mpya kutolewa. Kamati iliyoundwa na Rais mwaka 2021 ilishauri takwimu zitolewe, na ushauri huo ulikuwa sahihi. Afrika Kusini, ambayo kwa miaka mingi imejenga usajili unaokaribia kukamilika, iliweza kulinganisha vifo vya kila wiki na vile vya miaka iliyotangulia na kuona ongezeko lote, hata la wale ambao hawakupimwa. Sisi tulibaki na misiba tuliyohudhuria na maneno ya changamoto ya upumuaji katika matangazo ya vifo. Familia nyingi zilizowapoteza wazazi wao katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2021 zinastahili kwamba jambo hili lisijirudie.

Sasa niseme kile ninachoomba kifanyike.

Usajili wa kifo usogezwe hadi kijijini na mtaani, na usitozwe ada. Kwa upande wa vizazi jambo hili tayari limefanyika: mpango wa RITA, wakala wa Serikali wa usajili, wa kuwasajili watoto chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya zaidi ya miaka kumi iliyopita na kuenea mikoa mingine, uliweka usajili kwenye kliniki na ofisi za kata, ukaondoa malipo, na ukatuma taarifa kwa simu ya mkononi. Mtendaji anayeweza kutuma taarifa ya mtoto aliyezaliwa anaweza kutuma ya mtu aliyefariki. Isitungwe kanuni itakayochelewesha maziko, maana Waislamu huzika siku hiyo hiyo na watu hawatautii utaratibu unaowaacha na maiti ndani. Taarifa ya awali itumwe siku ya msiba, chanzo kifuatwe baadaye.

Kufuata chanzo hicho kunahitaji watu, na watu hao Serikali imekwisha kuanza kuwaandaa. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000. Wapeni wachache kati yao katika kila kata mafunzo ya mahojiano na wafiwa, wafike baada ya arobaini, wajaze dodoso kwenye simu, na majibu yachambuliwe na wataalamu wa NIMR. Kama fedha hazitoshi kufika kila kaya, ianzwe na sampuli ya kata katika kila mkoa, mradi iwe ni sampuli ya kudumu iliyo ndani ya bajeti ya Serikali. Wahudumu hao wafungwe na kiapo cha siri kama walivyofungwa makarani wa sensa, kwa sababu familia haitataja UKIMWI, kujiua au mimba iliyotolewa kwa mtu ambaye kesho atalipeleka jambo kilabuni. Na pale wafiwa watakaposema marehemu alirogwa, wasibishiwe. Waulizwe dalili, na dalili ziandikwe.

Hospitalini, cheti chenye moyo kusimama pekee kisipokelewe. Mganga mfawidhi akirudishe kwa aliyekiandika siku hiyo hiyo, na vyuo vyote vya tiba vifundishe, kwa mtihani, namna ya kuandika mfululizo wa ugonjwa hadi chanzo chake cha msingi. Kila halmashauri iwe na angalau mtunza kumbukumbu mmoja aliyefunzwa kuweka vyanzo hivyo katika uainishaji wa kimataifa wa magonjwa. Kazi hii ni ya watu, si ya mashine. Kompyuta tumezipata kabla ya kupata wa kuzijaza ipasavyo.

Kwa Mtakwimu Mkuu na Kabidhi Wasii Mkuu, ombi langu ni chapisho la kila mwaka, kwa Kiswahili, lenye idadi ya vifo vilivyosajiliwa, umri, jinsia, wilaya na chanzo, pamoja na makadirio ya vile vilivyokosekana. Kenya huchapisha orodha ya magonjwa yanayoongoza kwa vifo vilivyosajiliwa, na ingawa usajili wao bado haujakamilika, magazeti yao na wabunge wao huijadili orodha hiyo kila inapotoka. Chapisho la kwanza la kwetu litaonesha mapengo mengi. Lichapishwe na mapengo yake, kwa maana wilaya itakayoonekana haina vifo itaulizwa na watu wake wenyewe.

Waziri wa Afya, hotuba yako ya bajeti husomwa bungeni kila mwaka, nayo hutaja idadi ya vituo vilivyojengwa, vifaa vilivyonunuliwa na watumishi walioajiriwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyotungwa mwaka 2023 itakulazimu kuamua ni magonjwa gani yalipiwe kwanza na kwa kiasi gani. Naomba hotuba ijayo iwe na jedwali moja la vifo vya mwaka uliotangulia kwa chanzo na kwa mkoa, hata kama litakuwa la mikoa mitano tu ya kuanzia, na mbele ya kila chanzo kiandikwe kiasi cha fedha kilichotengwa kukipunguza.

Wenu katika utumishi,
Mtunza kumbukumbu za afya mstaafu,
Morogoro